Kabla, wakati na baada: jinsi ya kuunganisha matukio katika Kikorea

Chukua sentensi ambayo mtoto yeyote wa shule ya msingi anaweza kuitunga: "Niliamka, nikaoga, nikanywa chai, nikaondoka." Kitenzi cha kwanza ndicho kilichobeba wakati uliopita kwa kiambishi -li-, na vitenzi vitatu vinavyofuata vimejishikiza kwake kwa -ka-. Sasa itazame sentensi hiyo katika Kikorea: 일어나서 씻고 차를 마시고 나갔어요. Vitenzi ni vinne vilevile na mpangilio wake haukubadilika, lakini alama ya wakati uliopita, yaani 았 iliyomezwa ndani ya silabi 갔, haionekani mpaka kwenye kitenzi cha mwisho. Vitatu vya mwanzo havina wakati wao wenyewe. Vinasubiri kitenzi cha mwisho kiseme kama mambo haya yalitokea jana, hutokea kila siku au yatatokea kesho.

Kiswahili, kwa hiyo, hutangaza wakati mlangoni, na Kikorea huutangaza wakati wa kutoka. Makosa mengi ambayo wanafunzi wa hapa Uganda hufanya katika sentensi ndefu za Kikorea yanatokana na kusahau tofauti hii moja, kwa sababu mtu aliyezoea Kiswahili au Luganda hutaka kuubandika wakati kwenye kitenzi cha kwanza kabla hajaenda mbali. Mwongozo huu unamfaa msomaji ambaye tayari anasoma Hangul, yaani alfabeti ya Kikorea, na anajua kusema sentensi fupi za wakati uliopo na uliopita, ila bado anakwama anapotaka kufunga tukio moja na lingine.

Maandalizi ni machache. Ondoa 다 mwishoni mwa kitenzi cha kamusi ili ubaki na shina: 먹다 inakuwa 먹, na 가다 inakuwa 가. Viunganishi vya wakati hufuata shina hilo kwa namna tatu. Vingine hugandishwa moja kwa moja bila kujali shina linaishia vipi, kama -고, -자마자, -다가 na -기 전에. Vingine hudai 으 shina linapoishia na konsonanti, kama -(으)면서, -(으)ㄴ 후에 na -(으)ㄹ 때. Kundi la tatu huchagua kati ya 아 na 어: shina ambalo irabu yake ya mwisho ni ㅏ au ㅗ huchukua 아, mengine huchukua 어, na 하다 hugeuka kuwa 해. Jihadhari na mashina yanayoishia na ㄹ, ambayo hayachukui 으 na mara nyingine huipoteza ㄹ yenyewe (만들다 hutoa 만들면서 lakini 만든 후에), na pia na 듣다 na 걷다, ambazo hubaki 듣고 na 걷고 lakini hugeuka kuwa 들으면서 na 걸으면서.

Kiambishi -ka- kina tafsiri mbili

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko kwingine kote, na ningemshauri anayeanza akae hapa wiki nzima kabla ya kusonga mbele. Kiswahili kinatumia -ka- kwa mfuatano wa kila aina. Kikorea kinauliza kwanza: je, tukio la pili limezaliwa ndani ya la kwanza, au yamefuatana tu kama abiria wawili kwenye foleni? Kama la pili linategemea la kwanza, tumia -아서 au -어서. Kama yamefuatana tu, tumia -고.

Mfano ulio wazi ni wa sokoni. Ukisema 오위노 시장에 가서 신발을 샀어요, umesema kwamba ulienda soko la Owino na hukohuko ukanunua viatu. Kwenda kwako ndiko kulikowezesha kununua. Ukisema 시장에 가고 신발을 샀어요, msikilizaji Mkorea anabaki akijiuliza viatu vilinunuliwa wapi, maana umemsomea orodha ya shughuli mbili za siku hiyo zisizohusiana. Vivyo hivyo, 친구를 만나서 영화를 봤어요 ina maana kwamba ulikutana na rafiki mkatazama filamu pamoja, ilhali 친구를 만나고 영화를 봤어요 inaeleza kwamba ulikutana na rafiki, mkaagana, kisha ukatazama filamu, pengine peke yako. Kiswahili hakitofautishi hali hizi mbili ndani ya kitenzi. Sisi huongeza "pamoja" au "hukohuko" ikibidi.

Vitenzi vya mwendo na vya mkao, kama 가다, 오다, 일어나다 na 앉다, karibu daima huenda na -아서 au -어서: 앉아서 기다리세요, yaani "kaa usubiri." Vitenzi vya kuvaa, kubeba na kupanda chombo huenda na -고, kwa sababu hali iliyoanza inaendelea wakati tukio la pili linapotokea. Ukivaa miwani ukasoma, ni 안경을 쓰고 읽어요. Ukija kwa bodaboda, ni 보다보다를 타고 왔어요. (Mkorea atakayeliona neno hilo kwa mara ya kwanza huenda akatabasamu, kwa kuwa 보다 kwao ni "kuona", na sisi tumeliandika mara mbili.)

Kuna masharti mawili ya kushika. La kwanza, -아서 ya mfuatano hudai mtenda awe yuleyule katika matukio yote mawili, na kamwe haipokei 았 au 었: hakuna 갔어서. La pili, -고 yaweza kupokea wakati uliopita, lakini hapo haielezi tena mfuatano, bali huorodhesha mambo mawili sambamba, kama katika 형은 의사가 되었고 동생은 선생님이 되었어요, "kaka amekuwa daktari na mdogo wake amekuwa mwalimu." Ukitaka kusisitiza kwamba tukio la kwanza lilikwisha kabisa ndipo la pili likaanza, tumia -고 나서: 숙제를 하고 나서 놀았어요, "nilimaliza kazi ya nyumbani, ndipo nikacheza." Mwanzoni mwa sentensi mpya utasema 그러고 나서, "baada ya hapo". Wakorea wengi wenyewe huandika 그리고 나서, lakini tahajia sanifu haiikubali.

Kabla na baada

"Baada ya" haina matatizo. Kitenzi huchukua -(으)ㄴ, kisha 후에, 뒤에 au 다음에: 밥을 먹은 후에 약을 먹어요, "baada ya kula mimi hunywa dawa." Angalia kwamba 먹은 ina umbo la wakati uliopita hata kama sentensi nzima ni ya wakati ujao, kwa kuwa ukilitazama kutoka tukio la pili, la kwanza limeshapita. Kati ya hayo matatu, 후에 ina asili ya Kichina na huonekana zaidi katika maandishi rasmi, 뒤에 ni neno la Kikorea asilia, na 다음에 haikubali kufuata kipimo cha muda: unasema 한 시간 후에 au 한 시간 뒤에, si 한 시간 다음에.

"Kabla" ndiyo inayotutega. Kiswahili kizuri husema "kabla sijala" au "kabla mvua haijanyesha", kwa kutumia ukanushi, kwa mantiki kwamba jambo lenyewe bado halijatokea. Luganda nayo hufanya vivyo hivyo: nga sinnaba kulya. Mwanafunzi aliyelelewa katika lugha hizi huandika 안 먹기 전에 bila kusita, na anakosea. Kikorea hakikanushi hapa. Fikiria "kabla ya kula" badala ya "kabla sijala", na utapata 먹기 전에: shina, kisha 기 inayokigeuza kitenzi kuwa nomino kama ku- yetu, kisha 전에. Hakuna 았 wala 었 kabla ya 기 hiyo, hata kama unasimulia mambo ya miaka kumi iliyopita: 자기 전에 책을 읽었어요, "kabla ya kulala nilisoma kitabu." Nomino hazihitaji 기: 수업 전에 ni "kabla ya somo." Na pale kinapotangulia kipimo cha muda, 전에 hiyohiyo hugeuka kuwa "iliyopita", hivyo 한 달 전에 ni "mwezi mmoja uliopita."

Kiambishi -po- na neno 때

Kirejeshi -po- cha "nilipofika" na "ninapokula" kinapata mwenzake katika -(으)ㄹ 때. Hiyo ㄹ hufanana na ile ya wakati ujao, na wengi huogopa kuitumia kwa mambo yaliyopita. Isikutishe, kwani mbele ya 때 haina maana ya wakati ujao. Kinachobadilika ni kama tukio la kwanza lilikuwa bado linaendelea au lilikuwa limekwisha.

Barabara ya Jinja inalieleza vizuri. Mtu akisema 진자에 갈 때 기름을 넣었어요, alitia mafuta alipokuwa akienda, pengine Mukono. Akisema 진자에 갔을 때 나일강을 봤어요, aliuona mto Nile akiwa amekwisha kufika, mahali ambapo mto huo unatoka katika Ziwa Victoria. Kiswahili cha haraka kingetumia "nilipoenda Jinja" kwa hali zote mbili na kumwachia msikilizaji kazi ya kukisia. Kwa hiyo, kila unapotaka kuandika 때 na kitenzi cha mwendo, jiulize kama mtu yuko njiani au amefika: njiani ni 갈 때, amefika ni 갔을 때.

때 hufuata pia nomino fulani, kama 방학 때 (wakati wa likizo) na 시험 때 (wakati wa mtihani), lakini haifuati 오전 (kabla ya adhuhuri), 오후 (baada ya adhuhuri), 주말 (mwisho wa wiki) wala majina ya siku za wiki. Hizo huchukua 에 tu.

Mambo mawili kwa pamoja

Ukila huku ukisikiliza redio, tumia -(으)면서: 라디오를 들으면서 밥을 먹어요. Hii ni "huku -ki-" yetu, lakini kwa mpangilio uliopinduliwa. Sisi husema tendo kuu kwanza, "ninakula huku nikisikiliza redio". Kikorea huanza na tendo la pembeni na kuliacha kuu mwishoni. Mtenda lazima awe mmoja. Wakiwa wawili, hamia kwenye -는 동안: 제가 요리하는 동안 동생은 청소했어요, "nilipokuwa nikipika, mdogo wangu alifanya usafi." Katika mfano huo, mtenda wa kishazi cha wakati amechukua 가 na si 는, na ndivyo inavyopasa kuwa wakati watenda ni wawili; 저는 요리하는 동안 humfanya msikilizaji adhani kwamba wewe ndiwe mtenda wa sentensi nzima.

Jambo likitokea katikati ya shughuli, -는 중에 inatosha: 공부하는 중에 전기가 나갔어요, "nilikuwa nasoma umeme ukakatika." Sentensi hii ikaririwe mapema, kwa kuwa itatumika.

Safari iliyokatizwa

-다가 ni kiunganishi ambacho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu Kiswahili hulazimika kutumia maneno mengi kukieleza. Hueleza tendo lililokuwa likiendelea, kisha likakatizwa au likageuzwa na lingine la mtenda yuleyule: 숙제를 하다가 잠이 들었어요, "nilikuwa nikifanya kazi ya nyumbani, nikapitiwa na usingizi." Kazi haikuisha. Ukiweka 았 au 었 kabla yake, maana inageuka: tendo la kwanza lilikamilika, kisha likafuatwa na kinyume chake, kama katika 불을 켰다가 껐어요, "niliwasha taa kisha nikaizima."

Linganisha sentensi mbili zinazotofautiana kwa alama moja tu. 엔테베에 갔다가 왔어요 inasema ulifika Entebbe ukarudi. 엔테베에 가다가 왔어요 inasema ulianza safari ya Entebbe lakini ukageuzia njiani. Aliyekutuma kumpokea mgeni uwanja wa ndege atataka kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Mara tu

Kwa "mara tu" tumia -자마자, ambayo haipokei wakati uliopita, haijali kama watenda ni wawili, na hukubali amri: 도착하자마자 전화하세요, "piga simu mara tu ufikapo." Iko pia -는 대로, inayofaa kwa mambo yaliyopangwa na ahadi za kikazi, kama 도착하는 대로 연락드리겠습니다, "nitawasiliana nawe mara tu nitakapofika", lakini haifai kwa mambo ya bahati. Mvua iliyonyesha mara tu ulipotoka nje hudai -자마자, kwa kuwa hakuna aliyeipanga.

-자 fupi ni ya maandishi na masimulizi, na haiendi na amri. Inakaa katika methali yao isemayo 까마귀 날자 배 떨어진다, yaani kunguru aliruka na papo hapo pea ikaanguka: matukio mawili yaliyokutana kwa wakati tu, na kunguru akasingiziwa.

Tangu, hadi, na suala la saa

"Nina miaka miwili tangu nianze kujifunza Kikorea" ni 한국어를 배운 지 2년이 됐어요. Acha nafasi kabla ya 지, kwa sababu ikigandishwa, -(으)ㄴ지 hubeba maana ya "kama" ya kuulizia, na mhariri makini ataiona. Kwa "hadi mvua ikatike" sema 비가 그칠 때까지. Kwa vipindi vya muda, 부터 ni mwanzo na 까지 ni mwisho: 두 시부터 네 시까지. Lakini 까지 hubeba pia maana ya "kufikia" au "isizidi": 다섯 시까지 기다렸어요 ni "nilisubiri hadi saa kumi na moja", ilhali 다섯 시까지 오세요 ni "uwe umefika kufikia saa kumi na moja", si "endelea kuja mpaka saa kumi na moja."

Msomaji makini ameona kwamba 다섯, yaani tano, imetafsiriwa kuwa kumi na moja. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, na Wakorea huanzia usiku wa manane na adhuhuri, kwa hiyo saa moja asubuhi ni 아침 일곱 시. Saa huhesabiwa kwa namba asilia za Kikorea na dakika kwa namba zenye asili ya Kichina: 일곱 시 십오 분. Tena, 새벽 si alfajiri yetu hasa, kwani 새벽 한 시 ni saa saba ya usiku mzito. Lakini mambo haya yana faraja moja ya ajabu. Seoul iko mbele ya Kampala kwa saa 6, na tofauti kati ya saa za Kiswahili na za kizungu ni 6 vilevile, hivyo unapoitaja saa ya Kampala kwa Kiswahili, unakuwa umetaja namba iliyo kwenye saa za ukutani Seoul wakati huohuo. Ikiwa kwetu ni saa mbili asubuhi, kwao ni 오후 두 시. Ukitaka kumpigia simu mtu aliye Seoul, usihesabu chochote. Badilisha tu jina la kipindi cha siku.

Zoezi

Andika kila jioni mambo ya siku yako kwa Kiswahili cha kawaida, ukitumia -ka-, -ki- na -po- bila kujizuia, kisha kabla ya kutafsiri chora mstari chini ya kila kiambishi hicho na uandike pembeni ni kiunganishi gani cha Kikorea kinachokifaa. Aya kama hii ndiyo inayopaswa kutokea:

어제 여섯 시에 일어났어요. 세수를 하고 나서 차를 마시면서 라디오를 들었어요. 집에서 나오자마자 비가 와서 그칠 때까지 가게 앞에서 기다렸어요. 시내로 걸어가다가 친구를 만나서 같이 점심을 먹었어요. 자기 전에 한국어를 한 시간 동안 공부했어요.

Yaani: "Jana niliamka saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya kunawa uso nilisikiliza redio huku nikinywa chai. Mara tu nilipotoka nyumbani mvua ilinyesha, kwa hiyo nikasubiri mbele ya duka hadi ikatike. Nilipokuwa nikitembea kwenda mjini nilikutana na rafiki, tukala chakula cha mchana pamoja. Kabla sijalala nilisoma Kikorea kwa saa nzima." Katika sentensi ya tatu, 와서 imebeba sababu na si mfuatano tu, kwa maana -아서 hufanya kazi zote mbili, ikiwa ya sababu haihitaji mtenda mmoja, lakini haiwezi kufuatwa na amri. Kisha hesabu alama za wakati uliopita: zimo tano katika sentensi tano, kila moja mwishoni. Ukiikuta ya sita katikati ya sentensi na haikai ndani ya 았을 때, 았다가 au 았고 ya kuorodhesha, kalamu nyekundu ianze nayo.